Chupa za Kilindini Katika Nyumba ya Pasiansi

Ninyi vijana mtakaosoma haya, someni mpaka mwisho kabla hamjaanza kutumiana. Nawaona na simu zenu. Mnatazama kitu nusu, mnawarushia watu hamsini. Kitu kama hicho kilikaribia kunitoa roho.

Binti yangu ni mtaalamu wa wanyama wa kilindi cha bahari. Zamani nikiulizwa anafanya kazi gani nilijibu yuko chuo, basi, maana kueleza kulinichosha. Alianzia hapa hapa ziwani. Akiwa mdogo nilimpa kazi ya kupanga mafungu ya furu, wale samaki wadogo, niende nao sokoni Mkuyuni. Nilimwambia apange kwa ukubwa. Akapanga kwa rangi, wa buluu huku, wekundu kule. Nikamchapa. Akasema huku analia kwamba amewauliza wavuvi, wa buluu wanatoka maji ya juu, wekundu wanatoka chini. Nikamwambia mteja halipii rangi. Lakini swali lile hakuliacha, kwa nini anayeishi chini abadilike. Alilifuata shuleni, akalifuata chuoni, likamfikisha baharini, mahali ambapo jua halijawahi kufika. Huko amefanya kazi miaka zaidi ya ishirini.

Alipopewa likizo aandike kitabu chake, alikuja kwangu Pasiansi na masanduku. Masandukuni mlikuwa na chupa za kioo zenye midomo mipana, na ndani ya chupa, kwenye spiriti, wanyama wake. Akazipanga chumba cha nyuma, kwenye rafu yangu ya sufuria.

Sisemi uongo, nilikichukia kile chumba. Kulikuwa na samaki mweupe kama mtu aliyekaa siku nyingi majini. Mahali pa macho ngozi ilipita juu ikafunga, kama jeraha lililopona. Kulikuwa na pweza mdogo, laini kama ute wa yai. Binti yangu akaniambia pweza yule hana wino, kwa sababu kule ni giza tayari, wino wa nini.

"Kisichotumika kinaondoka, mama. Polepole, mzazi kwa mtoto, mpaka hakipo."

Alisema hivyo huku anakunywa uji. Mimi nikajikuta nimeshika macho yangu.

Macho yangu ni mekundu. Nimebanika samaki kwa moshi tangu sijaolewa. Na mnajua kwetu macho mekundu ya mwanamke mzee yanasemwa ni ya mchawi. Shangazi yangu, upande wa Sengerema, alikuwa nayo. Walimkuta anapepeta mtama, mchana, wakamkata mapanga. Mimi ndiye niliyemwosha. Kwa hiyo ninaposema niliogopa, sikuwa naogopa maneno.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Jirani mmoja, mjane anayeanika dagaa mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, aliniuliza binti kaleta nini. Nikamjibu, "Ni vyake. Haviguswi, wala havitajwi." Nilitaka tu watu wasije kuvunja chupa. Lakini kwetu Wasukuma jibu la namna hiyo hutolewa mtu akiuliza habari za kibanda cha mizimu. Yule mjane aliniangalia, akaondoka bila kuaga.

Wiki hiyo hiyo akaja fundi kubadilisha wavu wa dirisha la chumba kile cha nyuma. Mimi nilikuwa ndani nafuta vumbi. Sikumwona akipiga picha. Kesho yake mke wa mwanangu akanionyesha kwenye simu. Ilikuwa picha ya yule samaki asiye na macho, na kwenye kioo cha chupa uso wangu umejitokeza, nyuma yake, macho mekundu. Nilionekana nimo ndani ya chupa, nachungulia nje. Chini wameandika kwamba bibi mchawi wa Pasiansi amepatikana.

Shikamoo zikakatika. Watoto niliowapokea kwa mikono yangu walipozaliwa wakawa wananipita wameinamisha vichwa. Niliposhuka mwaloni, wanawake wa dagaa walinipa migongo. Nikageuka, nikamwona yule mjane anafagia mchanga nilipokanyaga. Anafagia taratibu, unyayo mmoja baada ya mwingine, mpaka karibu na miguu yangu.

Siku ya tatu akaja mjumbe wetu wa mtaa. Hakuingia. Alisimama getini, kofia mkononi.

"Bibi, nakuheshimu. Nenda ukakae kwa ndugu kidogo. Kuna vijana wanauliza unalala chumba gani."

Binti yangu alilia. Akasema atamwaga kila kitu, kitabu akiache, anichukue twende naye. Nikamwambia anyamaze. Nikikimbia, na chupa zikikimbia, tumewapa ushahidi. Na mimi nitarudi wapi tena?

Jumapili baada ya ibada nilishuka mwaloni, nikasimama mbele ya mjane. Mumewe alizama ziwani, hakupatikana, na kila mtu anajua bado hutazama maji. Nikamwambia mbele ya wenzake, "Ufagio wako uache hapa. Njoo uone unachokiogopa."

Walikuja sita. Wakajibana mlangoni. Mmoja akasema kwa sauti ndogo kwamba hata sangara aliyeoza ana sura nzuri kuliko huyu, mwingine akamkanyaga mguu. Binti yangu akaeleza kila chupa, kwa maneno ya nyumbani, bila ya kizungu. Mjane hakuwa anasikiliza. Alikuwa ameinama kwa yule samaki.

"Anakula nini, kama haoni?"

"Kinachoanguka kutoka juu," binti yangu akamjibu. "Kila kinachokufa huku juu kinashuka. Kidogo kidogo, kama unga. Hakikomi."

"Na mtu?"

Binti yangu akanitazama. Nikamwashiria aseme kweli.

"Na mtu, mama. Lakini samaki hawa ni wa baharini. Ziwa letu lina wanyama wake."

"Kwa hiyo huko chini hakai peke yake."

Mjane akanyosha mkono. Akaweka kiganja kwenye chupa. Spiriti ikatikisika, na yule samaki akasogea, akalalia kioo, upande wa mkono wake. Wenzake wakarudi nyuma. Yeye hakuuondoa mkono. Alikaa hivyo muda mrefu, midomo inacheza, sijui alikuwa anamwambia nini.

Alipotoka alienda mwenyewe kwa mjumbe. Alisema ameona ni samaki waliokufa, na atakayemgusa bibi aanze na yeye.

Lakini picha ile bado inatembea. Juzi kivukoni mwanamume nisiyemjua alinitazama, akatazama simu yake, akanitazama tena.

Siku hiyo niliporudi niliwaita wote, binti yangu, mke wa mwanangu na wajukuu. Nikawaambia, "Mtu akisimama getini akauliza nyumba hii ina nini, msimjibu. Mwingizeni. Mimi nitakuwa nimekaa humo chumbani, anitazame macho mchana kweupe."