Mume Wangu Anawekewa Mikono Gitega, na Mimi Ndiye Nitakayeulizwa Kuhusu Mrija

Admin, nifichie jina. Buhinyuza, tarafa yetu hapa Burundi, ni kubwa, ukiitaja hakuna shida, ila mlima wetu, yaani kijiji chetu, usiutaje kabisa, maana huku habari hutangulia mtu nyumbani.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, nina watoto wanne. Nimekulia Tanzania, kambi ya wakimbizi, na huko ndiko nilikoolewa na Baba Ineza. Tangu namfahamu ni mwinjilisti. Anazika watu, anaombea wagonjwa, anapanda baiskeli kwenda kuhubiri mvua ikinyesha, na akirudi na mkungu wa ndizi wa shukrani tunashangilia kama harusi. Sasa kanisa limekubali awe mchungaji, na ibada ya kuwekewa mikono itafanyika Gitega. Mngedhani nalala nikicheka. Silali.

Mambo yalianzia kwenye shamba. Tuliporudi Burundi tulimkuta baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu baba mkwe wangu, analima ardhi yote ya familia na hataki hata kutuona. Tulishtakiana miaka. Tulipishana njiani bila salamu, na mwanangu alipougua hakuja kuuliza hali. Mwishowe wazee wa mlima wakaigawa ardhi ile katikati. Lakini huku kesi haiishi kwa maneno matupu. Inaishia kwenye chungu cha impeke, pombe ya mtama, yenye mirija miwili ndani. Mlioshtakiana mnainama pamoja, mnavuta. Ukikataa, umeuambia mlima mzima kwamba moyoni bado una kisu. Na kanisa letu, ndugu zangu, pombe hata kuinusa ni kesi.

Mimi siku hiyo nilikuja na Fanta kwenye kikapu. Nilijiona nina akili kweli. Baba mdogo alizitazama chupa zangu akacheka.

"Fanta iko ya wageni, mukwe wangu. We uko mugeni hapa?"

Akavuta yeye kwanza ili kila mtu aone hakuna sumu, akajifuta mdomo, akamgeuzia mume wangu mrija, akimwita mwanangu kwa Kirundi. "Mwana wanje, mi nimekunywa mbele yako. Kama we haukunywa, basi kesi iko bado, hata wazee waseme nini."

Nilimkazia macho mume wangu: usithubutu. Aliniona vizuri sana. Akavua kofia, akainama, akavuta mara moja tu. Yule mzee akamshika kichwa kwa mikono miwili, akalia mbele za watu wote, akasema, "Leo mukubwa wangu, baba yako, amerudi."

Nilimnunia Baba Ineza hadi nikachoka mwenyewe. Lakini niseme ukweli, tangu siku ile watoto wa baba mdogo wanapalilia pamoja na wetu. Nilipopata uchungu wa huyu wa mwisho, ni wanawe walionibeba kwenye machela hadi kituo cha afya, njia nzima ya matope, na mzee nyuma anawafokea wasinitikise.

Sasa sikieni. Kabla ya ibada, wake za wanaowekewa mikono huitwa Gitega mmoja mmoja, peke yao, wanaulizwa habari za nyumba zao. Rafiki yangu, ambaye mumewe ni mchungaji tayari, amenieleza swali linalokuja. Unaweka mkono kwenye Biblia unaulizwa: tangu mumeo aokoke, umewahi kumwona akitumia pombe? Ukisema ndiyo, anawekwa chini ya nidhamu na kuambiwa asubiri. Na walioambiwa wasubiri bado wanasubiri, wengine wana mvi.

Nilimwambia, "Baba Ineza, nenda mwenyewe kwa wakubwa, tubu, yaishe."

Akanijibu taratibu, "Nitubu nini? Nikilitubu lile, nitakuwa nimetubu kusamehe."

"Basi niseme uongo?"

"Sijakuambia useme uongo. Jibu unavyojua."

Hapo nilimlipukia. Nikamwambia, "Wewe unapewa kola, mimi napewa swali! Wito ni wako, mzigo ni wangu?" Akachukua mundu, akatoka kwenda kukata majani ya mbuzi. Huo ndio ugomvi wake, anashika kazi mpaka unajiona mjinga.

Na kama hayo hayatoshi, baba mdogo amejishonea koti. Kwa desturi mkubwa wa familia ndiye anayetoa neno kwenye sherehe, na sasa mkubwa ni yeye. Kila anayepita anamwambia atakalosema huko Gitega: "Nitawaambia namna mwana wanje alikunywa na mi kwenye chungu kimoja. Wajue pasta wao ni mutu wa namna gani!" Anasema kifua mbele, kama mtoto aliyeshinda mtihani. Nimwendee nimwambie anyamaze? Nimwambie nini mzee wa watu, kwamba amani yake kanisani kwetu ni aibu?

Jumatatu napanda gari kwenda Gitega. Nikikana, nitakuwa nimeweka mkono kwenye Biblia nikadanganya, na mzee atakuja kunianika mbele ya sherehe. Nikikubali, kazi aliyoifanya maisha yake yote bila mshahara imekufa kwa mdomo wa mkewe.

Kinachoniumiza zaidi sijamwambia hata yeye. Nimemsikia mume wangu akihubiri mara nyingi, na mara nyingi, Mungu anisamehe, nimesinzia. Siku niliyomwona kwa macho yangu kwamba huyu ni mchungaji, ni siku ileile mzee alipomshika kichwa, na pombe ikiwa bado mdomoni. Sasa wakiniuliza Jumatatu nimeona nini, ndugu zangu mnaomjua Mungu na mnaowajua wanadamu, niwajibu nini?