Duara la Mbuzi wa Mama

Mwaka wa mwisho wa masomo yangu ya fizikia, mbuzi jike wa mama alinitia wazimu wa furaha. Kazi yangu ya kumaliza, ile tuiitayo memwari, ilikuwa kueleza mwendo wa mnyama kwa hesabu: anavyokwenda kwa sekunde, kwa saa, kwa wiki. Profesa aliniazima kifaa kidogo kinachoandika mahali kilipo kila sekunde. Nilikishona kwenye mkanda, nikamvika mbuzi shingoni kule kwa mama, Kasungami, nikamwomba mama akiwashe kila asubuhi. Kisha nikarudi zangu chuoni.

Baada ya wiki sita nilichora nukta zote kwenye kompyuta. Kwa sekunde, mbuzi alikwenda ovyo kama mlevi. Kwa saa, nukta zilijaza duara, tena duara safi ajabu. Niliandika sura nzima, kurasa ishirini, juu ya nguvu ya nyumbani, ambayo nilidai inamvuta mnyama kila anapokwenda mbali. Nilijiona bingwa. Wenzangu walinisikiliza mpaka wakachoka.

Profesa aliutazama mchoro kwa muda mrefu. Akasema mnyama aliye huru, ukimfuata wiki badala ya saa, eneo lake hupanuka. La huyu halikuongezeka hata hatua moja. Akauliza kama nilikuwa nimemwona akitembea kwa macho yangu. Sikuwa nimemwona. Zilibaki wiki tano kabla ya kutetea memwari mbele ya walimu, na bila sura ile ningerudia mwaka.

Nilifika Kasungami Jumatano, siku ambayo mama hakunitarajia. Mbuzi alikuwa nyuma ya nyumba, amefungwa kamba kwenye kigingi, anatafuna majani aliyoletewa. Hasira zikanipanda, nikamuuliza mama tangu lini. Tangu siku ya kwanza, akajibu, bila aibu hata kidogo.

"Ulisema ile kintu iko ya profesere. Sasa mi ningeiacha ipotee?"

Kwetu kitu cha kuazima hutunzwa kuliko cha mwenyewe, na ni mimi niliyekuwa nimesisitiza. Nikafungua kamba, nikaketi na daftari.

Mbuzi hakwenda popote. Siku hiyo nzima, na kesho yake, alifika pale kamba ilipokuwa ikiishia akageuka, na majani mabichi yako mbele yake. Nilidhani ni mgonjwa. Siku ya tatu alivuka hatua mbili, akarudi. Ya nne akavuka tano. Hapo nikaanza kucheka peke yangu. Kamba ilikuwa imetoka shingoni, lakini kila saa yake bado ilibeba zile wiki sita. Sura yangu ilikuwa imepatikana! Kila siku niliandika umbali aliofika, mpaka wiki ya tatu alipopotelea kwenye mihogo ya jirani, nami nikamfuata nimeshika viatu mkononi.

Nilitetea, nikapita vizuri. Mama alikuja na kitenge chake cha misa, akasikiliza Kifaransa chote kile bila kusinzia. Tulipotoka nje nilimweleza kwa Kiswahili habari ya mnyama anayeendelea kuitii kamba ambayo haipo tena. Akanitazama kwa uchokozi wake.

"Hata weye, ile mwaka ya kwanza ku univ, kila wikendi ulikuwa kule kwangu. Nani alikufunga?"

Nilimshika mkono, tukavuka barabara. Ilikuwa Ijumaa, na tulipanda basi moja kwenda Kasungami.