Moyo Iliisha Jana, Ini Iko

Juzi hapa Malaba, mama muuza njugu alikuwa akichana kurasa za kitabu kinene cha udaktari na kuzikunja vifuko vya kufungia njugu. Msichana anayesomea uuguzi alinunua kifuko kimoja, akaanza kukisoma, akasahau kula.

"Mama, hii kitabu ulitoa wapi?"

"Walitupa. Wanasema ni ya zamani."

"Nionyeshe pahali pa moyo."

"Moyo iliisha jana. Watu wa malori walimaliza yote. Saa hii niko kwa figo."

Msichana akashika kichwa. "Na ini?"

Mama akalamba kidole, akapekua. "Ini iko. Lakini nikikupa, njugu nitafunga na nini?"

Wote wawili wakanigeukia mimi niliyekuwa nikingoja njugu zangu, wakaangalia kwapa langu, nilipobana magazeti ya wiki nzima. Nikayatoa bila kubisha. Msichana akakiinua kitabu juu kama kombe: "Ini ni yangu!"

Wanaosema kitabu kile kimezeeka wanieleze ini la binadamu limehamia wapi tangu kichapishwe.

Jana nilinunua njugu kwa yule mama. Alizifunga kwa safu yangu ya gazetini. Kwa kuokoa kurasa za ini, hatimaye safu hii itamfaa mgonjwa.