Biblia Iliyokwenda Buluo

Miaka ile wanaume wa kambi yetu ya Panda, kambi ya kampuni ya shaba pale Likasi, walivaa abakosti, suti zisizo na tai, na majina ya ubatizo yalikuwa yamepigwa marufuku. Kila Alhamisi jioni shirika letu la sala lilikutana, nyumba kwa nyumba, kwa zamu. Nasema la sala kwa sababu ndivyo lilivyoitwa. Kusali kulikuwa kidogo. Watu walikuja kugombana juu ya Biblia.

Prezidenti wa shirika alikuwa karani wa kampuni. Asubuhi alipiga makofi na kukata kiuno kumsifu Kiongozi wa nchi, jioni akageuka mlinzi wa Neno la Mungu. Alishikilia Biblia ya zamani, iliyoandikwa Kiswahili cha pwani ambacho Likasi nzima hakuna aliyekisema hata ndotoni. Mwalimu wa shule, kwa upande wake, alileta tafsiri mpya, nyepesi, ambayo hata mama yangu alielewa ikisomwa. Prezidenti alisema hiyo si Neno la Mungu, hiyo ni gazeti. Mimi nilikuwa upande wa mwalimu, tena kwa moto. Niliamini kwamba watu wakielewa maneno, watayatenda. Ujana ni ugonjwa.

Kisha mdogo wangu wa kiume alikamatwa akiwa na mzingo wa waya wa shaba wa kampuni. Tusidanganyane, aliuiba. Akafungwa katika gereza la Buluo, na mfungwa siku zile aliishi kwa sufuria ya kwao. Baba alikwisha kufa, kwa hiyo kila Jumamosi mama alikwenda kwa miguu kumpelekea bukari, ndio ugali wetu, na samaki. Ikafika wiki mguu wake ukavimba hata kiatu hakiingii. Mume wangu alikuwa kazini Kolwezi, nami nilikuwa na mimba kubwa, nimekatazwa kutembea mbali. Kama hakuna mtu wa kubeba ile sufuria, mdogo wangu atalala njaa wiki nzima.

Alhamisi ile zamu ilikuwa yetu. Mama aliwapa chai, wakanywa, ndipo akawaomba mtu mmoja tu aende Buluo. Basi wakafungua Biblia zao. Walitafuta pale panaposemwa juu ya kuwatembelea wafungwa, wakapasoma katika ya zamani, wakapasoma katika mpya, mzee mmoja wa Kasai akapasoma katika ya Kiluba huku akituonea huruma sote. Wakabishana ipi imesema vizuri zaidi. Mwishowe wakakata shauri: mfungwa apelekewe Biblia! Prezidenti hakutaka yake iguswe.

"Mupeleke ile ya mupya," alisema. "Kwa mwizi inatosha."

Jumamosi asubuhi mwalimu alipita na baiskeli, Biblia imefungwa nyuma kwa mpira. Mama alimtolea sufuria mlangoni, bado ya moto. Mwalimu, shujaa wangu, aliitazama kama mtoto wa mtu mwingine aliyejisaidia nguoni.

"Mama, iko na mafuta ya mawese. Itachafua Neno."

Akapanda baiskeli yake akaenda. Sufuria ilibaki mikononi mwa mama. Nilimchukia mtu yule, na sijapona.

Juma lililofuata prezidenti aliingia kwa jirani tulikokutania akiwa amevimba kuliko mguu wa mama. Askari wa gereza, jirani yake, alikuwa amemwambia habari: siku ile ile mdogo wangu alimpa mfungwa mwenzake ile Biblia, akapewa sahani ya bukari.

"Mama, mutoto wako ameuzisha Neno la Mungu!" alipiga kelele. "Sababu ya bukari!"

Watu wote walimgeukia mama. Mama alikuwa ameketi, mguu juu ya kigoda.

"Papa prezidenti, haikuwa weye ulisema ile ya mupya haiko Neno la Mungu?"

Prezidenti akaikumbatia Biblia yake ya zamani. Mama aliendelea.

"Kama haiko Neno, mutoto hakuuzisha kitu. Kama iko Neno, basi imemulisha. Chagua."

Nilicheka mpaka mtoto akaruka tumboni. Prezidenti alikohoa, akaomba wimbo wa kufunga, nao wakauimba wote, beti zote, kwa sauti kubwa ya watu wasiotaka kuulizwa tena. Tangu siku ile mtu akiniuliza Biblia ipi ni ya kweli, namuuliza ameibeba mpaka wapi, na nini kingine alibeba.

Jumamosi mama alifunga mguu kwa kitambaa, akavaa kandambili za baba, akajitwika sufuria. Mwalimu alikuwa mbele ya nyumba yake, anapangusa baiskeli. Alimwona mama anavyochechemea, akasimama kwa heshima, akavua kofia, akamtakia safari njema.