Nyuki Hawakuhudhuria Baraza

“Amri ya Kung’oa Mimea ya Kigeni Yenye Miba, Sehemu ya Pili.” Hicho ndicho kichwa cha karatasi iliyobandikwa ofisini Tororo, nyuma ya meza ya karani. Nilikuwa kwenye foleni nikingoja kibali cha baiskeli. Mbele yangu alisimama mfuga nyuki wa Buhehe, kofia mkononi.

“Karani, naomba wiki mbili tu. Nyuki yangu nakula maua ya lantana, hiyo mimea ya miba ya amri yenu. Bado kuziba masega, asali ni maji tu. Nikikata leo watahama, na mizinga sita aliyoniachia baba itabaki tupu.”

“Mzee, amri ilisomwa barazani. Nyuki wako hawakuhudhuria?”

Foleni nzima ilicheka, nami nikiwemo. Mwenye kuhitaji kibali hucheka mapema. Mzee alielekeza kidevu dirishani, kwenye uzio wa lantana wa ofisi, alioupanda mke wa Bwana Mkubwa, Mzungu mkuu wa wilaya.

“Ndege natoa mbegu hapo, naleta kwangu. Na hiyo itang’olewa?”

Karani aligeuka, akautazama kana kwamba umeota asubuhi ile. “Lantana yako inaficha mbung’o,” alisema, akagonga muhuri. “Hiyo ni ya serikali.”

Nimeisoma amri yote. Haielezi mbung’o hutambuaje mali ya serikali.

Wiki iliyofuata nilipita Buhehe. Mzee alikuwa amekata lantana yote. Nyuki walikuwa wamehama, na mizinga yote sita ilikuwa tupu. Uzio wa ofisi bado unachanua.