Slaidi ya Kwanza Isiyo na Salamu

Mwaka wa uhuru, kila mtu Juba alikuwa na hotuba. Ukienda harusini, hotuba. Ukienda kuona duka jipya la saruji likifunguliwa, hotuba, na viti vya plastiki vya kukodi, na kipaza sauti kinachopiga mluzi. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Kampala na digrii yangu na projekta ya mtumba, nikiamini kwamba nchi mpya, hata kabla ya barabara, ilihitaji watu wanaoweza kuandika maelezo. Si sifa wala maombi. Maelezo tu: jambo fulani ni nini, linafanyikaje, uangalie nini usije ukaharibu. Niliamini pia kwamba mtu wa kuwafundisha ni mimi. Nilikuwa na nywele nyingi zaidi siku hizo.

Nikapata chumba huko Kator, darasa la alasiri la watu wazima. Wengi walikulia Uganda, wachache Kenya, kwa hiyo tulielewana kwa Kiswahili chenye Kiarabu cha Juba ndani yake, na Kiingereza tukakiachia karatasi ya cheti. Nilitundika ukutani shuka la kitanda changu mwenyewe, lenye maua pembeni, nikafundisha kwa slaidi. Katika slaidi zangu za kwanza herufi ziliingia zikizunguka, moja baada ya nyingine, kama kuku waliokatwa vichwa. Darasa lilishangilia. Nilipouliza slaidi ilikuwa imesema nini, mwendesha bodaboda mmoja akasimama.

"Ustaz," akasema, maana ndivyo mwalimu anavyoitwa kwetu, "mimi iko naangalia vile inazunguka. Kusoma sijasoma. Rudisha."

Nikaondoa mizunguko. Nikawapa zoezi: tengeneza slaidi chache za kumweleza mgeni kazi unayoijua wewe. Yule wa bodaboda akachagua kuziba pancha. Katika slaidi ya kwanza alimshukuru Mungu. Katika ya pili, mashujaa waliomwaga damu. Zilizofuata zilikuwa za serikali, machifu, viongozi wa dini, akina mama, vijana, "na wote ambao sikuwataja, msikasirike". Ya mwisho ilisema: "Pancha inazibwa kwa gundi. Asanteni sana."

Nilicheka peke yangu. Wenzake walikuwa wanapiga makofi.

Wote waliandika hivyo, wawe wanaeleza kusuka nywele au kukausha samaki. Nikatunga sheria: slaidi ya kwanza itaje jambo lenyewe, na salamu ziachwe mlangoni pamoja na matope ya viatu. Niliirudia sheria hiyo mpaka wakawa wanaitamka kabla yangu, kwa sauti yangu, na kwa namna ninavyopandisha miwani.

Kisha vita vipya vikaja, vikaanzia hapahapa mjini. Darasa likafungwa. Baadhi ya wanafunzi wangu walikimbilia Thongpiny, kwenye kambi karibu na uwanja wa ndege. Wengine walivuka mpaka kurudi kule walikokulia. Mimi pia nilivuka, nikiwa nimeifunika projekta blanketi na kuipakata njia nzima kama mtoto mgonjwa. Abiria mwenzangu alinipa pole. Niliipokea.

Niliporudi baada ya miezi kadhaa, darasa lilikuwa limebaki na watu wachache, na miongoni mwao alikuwepo mama mmoja kutoka Gumbo, ng'ambo ya mto. Alizaliwa katika kambi ya wakimbizi, kaskazini mwa Uganda, akaja Juba mara ya kwanza kwa ajili ya uhuru, na watoto wake watatu. Alikuwa akifanya kazi ya majaribio katika kliniki ndogo ya Gumbo: kufagia, kupima uzito wa watoto, kupanga foleni. Siku moja darasa lilipokwisha, akabaki.

"Mwalimu, kliniki imeletewa projekta. Sista anataka mtu wa kufundisha akina mama kila asubuhi, habari ya kipindupindu. Amesema atanijaribu siku moja tu. Nikiweza, ananiandika kazi. Nisipoweza, mwisho wa mwezi sina kitu."

"Ukiikosa, utafanyaje?"

"Nitarudisha watoto kambini. Mama yangu ameshaniambia nafasi ipo. Lakini mwalimu, mimi nimezaliwa kwenye ile kambi. Sitaki watoto wangu wakulie pale."

Tukafanya kazi kwa bidii. Aliandika vizuri, sentensi fupi, kila moja ikiwa imesimama wima. Tatizo lilikuwa lilelile: slaidi yake ya kwanza ilikuwa ya kuwajulia hali akina mama, na ya pili iliendelea kuwajulia. Nikafuta zote mbili. Akaniangalia.

"Hata moja tu?"

"Hata moja. Watu wana wagonjwa mkononi, hawana muda. Ingia moja kwa moja."

Nikamwambia pia aweke herufi nyeupe juu ya rangi nyeusi ili zionekane vizuri mchana. Ushauri huo nilikuwa nimeusoma mahali fulani, na nilijivunia sana kuukumbuka.

Asubuhi ya jaribio nilivuka daraja kwenda Gumbo, nikaketi nyuma kabisa kwenye benchi. Akina mama walikuwa wamejaa: wachuuzi wa Kiganda wa nyanya na ndizi wa barabara ya Nimule, wenyeji waliorudi kutoka Uganda, bibi mmoja mwenye fimbo, na watoto wachanga wasiohesabika. Sista, mkuu wa kliniki, Mganda mwenye sura ya mtu aliyeshakula chumvi nyingi ya wafadhili, alisimama ukutani amekunja mikono. Jenereta likaguruma. Mwanafunzi wangu akasogea mbele, akabonyeza, na ukutani pakatokea giza lote, na katikati yake neno moja jeupe: KIPINDUPINDU.

"Mtu anaharisha maji na kutapika," akaanza, wazi kabisa, kama tulivyofanya mazoezi. "Asiposaidiwa mapema, anakufa."

Kimya kikashuka. Si kimya cha kusikiliza, kile nakifahamu, kwa sababu sikipati mara nyingi. Mchuuzi mmoja alifunga leso yake kiunoni. Mwingine akatoa simu, akaanza kutafuta namba. Yule bibi akainuka kwa fimbo yake.

"Binti yangu," akasema, "nani amekufa?"

Ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimefanya. Katika miezi ile, mtu aliyeingia mahali bila kusalimu alikuwa na habari ya aina moja tu. Jirani akisimama mlangoni kwako na kuanza na jambo lenyewe, unakaa chini kwanza. Mimi nilikuwa nimemfundisha mama wa watu kuingia katika chumba kilichojaa hofu, na ukuta mweusi nyuma yake, kama mtu aliyetumwa kutoka msibani.

Sista alikunjua mikono, akakunja uso badala yake. Mwanafunzi wangu akanitazama kule nyuma. Na mimi, Mungu anisamehe, nilimwonyesha kwa kidole slaidi ya pili.

Hakuifungua. Alisogea kwenye projekta, akaweka kiganja chake mbele ya kioo, na lile neno likatoweka ukutani.

"Hakuna aliyekufa," akasema. "Nisameheni. Mmeamkaje, mama zangu?"

"Tumeamka," wakajibu wachache.

"Bibi, miguu?"

"Miguu ipo. Roho ndiyo ulitaka kuitoa."

Kicheko kikaanza upande wa wachuuzi. Akawageukia hao. Akauliza kama mzigo wa nyanya ulifika. Akauliza habari za mapacha, za yule aliyelala nje kwa kuwa paa lilivuja, za waliokuja kutoka mbali kwa miguu. Kila mmoja alijibu, na kila aliyejibu alikaa vizuri zaidi kwenye benchi. Aliyekuwa na simu akairudisha kifuani. Nilitaka kuona kwamba muda unapotea, lakini sikuweza, kwa sababu niliona nyuso.

Kisha akaondoa mkono, na lile neno likarudi, na safari hii lilikuwa jina la ugonjwa tu.

Akawaeleza. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Mtoto akianza kuharisha, usimnyime maji, mpe, na mlete kliniki upesi. Kliniki ina paketi za dawa ya kuchanganya, bure. Kama umekwama nyumbani huna paketi: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, visawazishwe, visiwe vya mlima.

"Sukari vijiko sita!" bibi akapaza sauti. "Umeolewa na mwenye duka?"

"Ndiyo maana nimesema uje uchukue paketi, bibi."

"Nitakuja. Na chai nitakunywa na sukari yangu."

Waliporudia kipimo kwa pamoja, watoto wachanga wakalia, na hakuna aliyekosea isipokuwa mimi, niliyesema nusu kijiko cha sukari.

Sista alingoja kicheko kiishe. "Mambo umeyapanga vizuri," akamwambia. "Lakini nani alikufundisha kuanza bila salamu?"

Mwanafunzi wangu alisita. Ana adabu. Lakini macho yake hayakuwa na adabu kiasi hicho, yakaja moja kwa moja kwangu, na chumba kizima kikageuka.

"Kumbe ni huyu!" bibi akasema. "Mzee mzima na miwani! Ulitaka kutuua kwa presha kabla ya kipindupindu?"

Nilisimama nikawasalimu wote. Ilinichukua muda. Nilifika mpaka kwa vijana na viongozi wa dini.

Sista akatoa ufunguo wa kabati la projekta, akamkabidhi yule mama. "Kesho tena, saa hii hii. Karatasi za kazi utatia sahihi mchana." Mwanafunzi wangu akaufunga ufunguo kwenye ncha ya leso, akakaza fundo mara mbili, akabaki amelishika. Kisha akatoka nje kidogo, nikamsikia kwa simu akimwambia mama yake ampe mtu mwingine ile nafasi ya kambini.

Aliporudi, bibi alikuwa bado yupo, anangoja.

"Kesho nitakuja. Lakini weka picha. Hayo maandishi yako meupe, mimi sisomi, na hapa siko peke yangu."

Mimi na mwanafunzi wangu tukaangaliana. Miaka yote ile ya kuwapigania watu waandike maelezo, na sikuwahi kumwuliza mtu yeyote kama wasikilizaji wake wanasoma. Tukavuta benchi, tukafungua kompyuta, nikajitolea kuchora kijiko kidogo, kwa kuwa nilikuwa na deni siku ile.

Mwanafunzi wangu akakitazama, kichwa upande.

"Mwalimu, hilo ni sepetu. Mama akiweka sita za namna hiyo, mtoto atageuka keki. Futa, chora tena."

Nikafuta, nikachora tena.