Mplamu wa Mama

Leo sokoni Ngaramtoni nimepita penye ndoo ya plamu zilizoiva sana, na ile harufu tamu yenye uchachu imenisimamisha.

Mama alipozikwa, miezi michache baada ya baba, baba mdogo alikuja na panga hadi kwenye mplamu wa mama, uliokuwa umechanua shambani kwetu. "Mti huu unachanua kila mwaka na hauzai. Naukata nipande kahawa." Nilijua kahawa yake ikishika mizizi pale, shamba litakuwa lake. Nilikwishaacha shule, na wadogo zangu watatu walikuwa wameng'ang'ania sketi yangu. Nikampa jani la isale, ambalo kwetu mtu akipewa hakatai ombi.

"Nipe msimu mmoja."

"Kwani utauzalisha wewe?" akacheka, lakini akalipokea jani na kuondoka.

Mama aliwahi kuniambia kwamba plamu yake haizai peke yake. Inataka chavua ya plamu ya aina nyingine. Kando ya mfereji kulikuwa na plamu mwitu, zilizochipua ovyo hadi watu walikuwa wakizing'oa kama magugu. Nikakata matawi yenye maua, nikayatia kwenye ndoo ya maji, nikaining'iniza katikati ya mti wa mama. Nyuki wakahama ua hadi ua, wamejaa vumbi la njano miguuni.

Wiki kadhaa baadaye, maua yalipokuwa yamepukutika, baba mdogo alirudi na panga lake.

"Shikamoo, baba mdogo. Kabla hujakata, inua macho."

Vitunda vya kijani vilikuwa vimejaa kila tawi. Alivitazama, kisha akageuka kuondoka.

"Njoo plamu zikiiva," nilimwita. "Lakini panga uliache kwako."